Chuma cha Nne cha Ilimba

Mwezi uliopita nilikuwa nakula wali maharage kwenye mgahawa mmoja wa Singida, redio ikapiga wimbo wetu. Mama mwenye mgahawa akaongeza sauti.

"Huu naupenda," akasema. "Hawa dada wanaimba mpaka mwili unasisimka."

Nikamwomba azime. Akadhani namtania, akacheka, akaendelea kupakua. Nikamwambia tena, na safari hii nilisimama. Sauti iliyonitoka iliwafanya watu wa meza ya pili waache kutafuna. Akazima.

"Kwani wimbo umekuulia ndugu?" akauliza.

Niliacha sahani nusu, nikatoka. Sikumjibu kwa sababu jibu lilikuwa refu, na nilikuwa na hasira mno ya kulitoa vizuri. Bado ninayo. Lakini nitajaribu.

Wimbo ule ni uongo. Waimbaji ni wa kweli, maneno ni ya kweli, na gitaa la besi linalonguruma kule chini napiga mimi mwenyewe. Ila sauti zote zilizomo zimekalishwa mahali pasipo pao. Aliyezitoa pao ni mimi, kwa nyundo ndogo niliyoazima kwa fundi viatu, asubuhi ya jua kali, huku nikijiona nina akili kuliko wote Dodoma.

Tulikuwa wanne. Mbele walisimama dada wawili wa tumbo moja, Wagogo wa Nkuhungu. Mkubwa alipiga gitaa na kuimba sauti nzito, amesimama palepale kama mtu anayengoja kuitwa jina. Mdogo aliimba ya juu na hakutulia hata sekunde. Nyuma alikaa fundi wa kuchomelea mageti, ambaye alizipiga drams kwa hasira ileile aliyopigia mabati. Pembeni yake mimi na besi yangu, Mrangi niliyeletwa Dodoma kusoma sekondari, nikamaliza kidato cha nne, nikakataa kurudi Kondoa kulima.

Tulipiga roki. Najua mtu akisikia hivyo anafikiria nywele ndefu na mashetani, na hata majirani zetu walifikiria hivyohivyo. Tulifanyia mazoezi Ipagala, ndani ya pagale la mtu wa wizara fulani ambaye alikuwa bado hajahamia kutoka Dar. Nyumba haikuwa na madirisha wala dari. Gitaa likikwaruza ndani ya kuta zile za matofali matupu, mbuzi wa jirani walikuwa wanakimbia. Mke wa jirani akatujia siku moja na kanga kichwani.

"Jamani, mnaumwa?"

"Tunaimba, mama," mdogo akamjibu.

"Haya. Mkimaliza kuumwa mniambie, mtoto wangu alale."

Sasa niseme kitu ambacho kama hukijui huwezi kuelewa kwa nini nilisimama mgahawani. Baba wa wale dada alikuwa fundi wa ilimba. Ilimba ni kisanduku cha mbao chenye vyuma vyembamba juu yake, unavipiga kwa vidole gumba. Ya kwake ilikuwa na tundu dogo mbele, na juu ya tundu alikuwa amebandika utando wa buibui, hivyo kila chuma kilipolia kilivuma kidogo, kama nyuki aliyeingia kwenye chupa. Vyuma vizito alivibandika nta chini ili vishuke. Hakuvipima kwa chochote isipokuwa koo lake. Aliguna, akagonga chuma, akaguna tena. Alifariki bila kumwambia mtu anafikaje pale anapofika.

Dada mkubwa alirithi ilimba ile, na akatuwekea sheria. Hakuna uzi wa gitaa utakaokazwa kabla ilimba haijalia. Kila mazoezi, kila harusi, aliifungua kutoka kwenye kanga, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapiga chuma kimoja kimoja kuanzia kushoto, na sisi tukatafuta nyuzi zetu nyuma yake. Na ilimba haikuwekwa chini. Ukiichoka unampa mwenzako.

Cha kwanza, cha pili na cha tatu havikuwa na shida. Tatizo lilikuwa chuma cha nne. Kililia katikati ya noti mbili za kinanda, na hakikuona aibu kuwa hapo. Mkubwa alikipata kwa kuuvuta uzi pembeni kwa kidole. Mimi ilibidi niutoe uzi wangu wa pili kwenye mpangilio wote wa besi ninaoujua, niulegeze mpaka ulie na chuma kile, kisha niupige mtupu tu, bila kuubana kwa kidole. Siku za mwanzo nililalamika.

"Mrangi," mkubwa akaniambia, "wewe ukienda kwa watu unawahamishia meza?"

"Siwahamishii."

"Basi kaa walipokukalisha."

Ndipo nikaisikia. Mdogo alikuwa akipanda wimboni, gitaa linasaga, drams zinagonga, kisha anatua kwenye noti ile ya nne na kuishikilia, na mimi na dada yake tuko naye pale, mahali ambapo hakuna kinanda duniani chenye kitufe. Nimezunguka sana tangu siku zile. Nimekaa Manyoni, Itigi, Babati. Sijaisikia tena popote.

Watu hawakuitaka. Nisiseme uongo kwa sababu ya kukumbuka. Kwenye harusi moja ya hukohuko Nkuhungu tulipiga nyimbo mbili, MC akapanda jukwaani akachomoa waya wa spika kwa mkono wake. Kisha akashika kipaza sauti, kikiwa kinafanya kazi vizuri kabisa, taa zote zinawaka, feni zinazunguka, akasema, "Samahani wageni waalikwa, umeme umekatika." Watu wakapiga makofi. Mkumbuke MC huyo, atarudi.

Mkubwa hakujali. Aliikunja kanga yake, akaikumbatia ilimba, akala pilau. Mdogo alijali. Alikuwa anafagia ofisi mojawapo ya zile zilizohamia Dodoma, na kila asubuhi alipita chini ya mabango ya wasanii waliokuja kutumbuiza mikutano. Alinionyesha bango moja akaniuliza, "Kaka, huyu ananishinda nini?" Hakuwa anamshinda kitu.

Ndipo ikatokea studio moja Makole iliyokuwa inakusanya nyimbo za wasanii wa Dodoma, ili zipelekwe redioni na waliochaguliwa wapande tamasha kubwa. Tukaenda. Tukatyuni kwa ilimba kama kawaida, tukapiga. Mwenye studio alikuwa kijana mpole, sina la kumsema kuhusu moyo wake. Alitusimamisha kwa mkono. Akabonyeza kinanda chake, kisha akaomba uzi wangu wa pili.

"Mnasikia? Mko nje. Nani aliwatyuni?"

"Baba," mkubwa akasema.

"Mwiteni basi, nimwelekeze."

"Yuko makaburini."

Kijana akafuta jasho. "Pole dada. Basi wekeni kama kinanda, ni dakika tano tu."

"Gitaa linamfuata baba. Baba hafuati kinanda."

"Dada, redio haitapiga kitu kilicho nje."

"Isipige."

Tukatoka. Pale nje, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, mdogo alilia kwa hasira, anapiga ukuta kwa kiganja. "Mimi sitaki kuzeeka naimba kwenye pagale! Yeye ana baba. Mimi nina nini?" Fundi mageti akajifanya anatafuta kitu kwenye begi. Mkubwa alikuwa ameshatangulia, ilimba mikononi, hakugeuka.

Wiki ileile shangazi yao alifariki Mpwapwa. Mkubwa alisafiri kwenda msibani, mdogo akabaki kwa sababu ya kazi. Hakutaka ilimba ibaki kwenye nyumba ambayo watu wangekuwa wanaingia na kutoka kutoa pole, akaniletea mimi.

"Usiiweke chini."

"Siiweki."

"Na usiipige. Ngoja nirudi."

Asubuhi yake mdogo alikuja chumbani kwangu. Kwenye simu yake kulikuwa na programu yenye sindano. Unapiga noti, sindano inayumba, ikifika katikati inageuka kijani. Akaniambia maneno ambayo nimeyarudia barabarani mara nyingi sana. "Kaka, isogeze kidogo tu. Gitaa zote zinaifuata hiyo. Na dada naye anaifuata. Ukiihamisha yeye atahama nayo, hatajua."

Angalieni ujinga wetu. Ingekuwa bendi nyingine yoyote, watu wangegombana juu ya magitaa. Sisi tulikuwa na sheria ya kwamba magitaa yanamfuata baba, na ndani ya sheria hiyo nikaona njia ya mkato. Magitaa hayaguswi. Anaguswa baba.

Niliiweka chini. Hilo la kwanza. Niliiweka sakafuni kwa sababu huwezi kupiga nyundo huku umekumbatia. Nikaanza kushoto. Chuma ukikisukuma ndani kinapanda, ukikivuta nje kinashuka. Kila sindano ilipogeuka kijani mdogo alipiga makofi madogo, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Chuma cha nne kilikuwa kimeshikwa na kutu, hakikusogea. Nikaigeuza ilimba, nikachukua kisu, nikakwangua nta. Ilikuwa nta nyeusi ya zamani, imeshika alama ya kidole gumba cha mtu. Niliiona alama ile. Nikakwangua.

Kijani.

Mkubwa aliporudi kutoka msibani tulikwenda Makole moja kwa moja, mdogo alikuwa amemwambia kwamba kijana wa studio amekubali kutusikiliza tena, na ilimba yetu vilevile. Mkubwa akakaa juu ya kiti, akafungua kanga, akapiga cha kwanza. Akapiga cha pili polepole zaidi. Cha tatu. Akapiga cha nne. Akakipiga tena. Akaweka sikio karibu na mbao akakipiga mara ya tatu, na hapo nikaona uso wake ukizimika.

"Nani amegusa?"

Mdogo alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikangoja aseme.

"Mimi," nikasema.

Yule kijana hakujua kinachoendelea. Alikuwa amebonyeza kinanda chake, akasikia kimelingana, akafurahi kwa dhati. "Sasa hapo! Leo mmekuja kama watu!"

Nilidhani mkubwa atanipiga. Nilitaka anipige. Badala yake alikaza nyuzi za gitaa lake kufuata ilimba, moja moja, kama sheria yake ilivyosema, na sisi tukakaza zetu. Akasema, "Washa mashine yako." Tukapiga mara moja tu. Mdogo alipofika kwenye noti ya nne koo lake lilikwenda lenyewe pale pa zamani, akakuta hatupo, akateleza akatufuata. Mnausikia mtelezo ule kwenye wimbo. Watu wanausifu. Wanasema hapo ndipo alipoweka hisia.

Wimbo ukaisha. Mkubwa akaifunga ilimba kwenye kanga, akatoka. Hakuimba na sisi tena.

Redio ikapiga. Tukachaguliwa. Na nani alikuwa anatangaza majina ya waliochaguliwa? MC wetu, yule wa waya. "Vipaji vya nyumbani!" alikuwa anapaza sauti, "mabinti zetu tuliowalea wenyewe!" Mkubwa hakwenda. Mdogo alipanda peke yake na mtu wa kinanda, kisha akaimba hotelini kwenye mikutano kwa muda, mpaka wakapata mwingine mdogo zaidi. Pagale la Ipagala likapigwa plasta na kuwekewa vigae, mwenyewe akahamia. Fundi mageti ndiye aliyemtengenezea geti.

Mimi niliondoka wiki ileile ya studio. Besi yangu niliiacha kwa wale dada, sikuthubutu kwenda kuichukua. Nimekuwa utingo, nimekamua alizeti, nimeuza mitumba, na kila mji niliofika nilianza kuwaza mwingine kabla sijajua majirani. Watu huniita msafiri. Mimi nilikuwa nakimbia, na niliyemkimbia ni dada mkubwa, fundi cherehani wa Nkuhungu.

Na hili ndilo linalonifanya nijichukie. Miaka yote hiyo nilikuwa nayo dawa mfukoni. Kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu yangu ya zamani, ninayoihamishia kila simu mpya, kulikuwa na mazoezi yetu ya Ipagala niliyoyarekodi mwenyewe, na mwanzoni kabisa, kabla ya gitaa lolote, unasikia chuma kimoja kimoja. Cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Cha nne, kikiwa kizima, kinavuma na buibui wake. Ningeweza kuipeleka kesho yake. Nilisema nikipata nafasi. Nafasi nilikuwa nazo tele.

Kwa hiyo siku ile Singida, nilipotoka mgahawani, nilikwenda stendi nikapanda gari la Dodoma bila kurudi chumbani kuchukua nguo.

Nilimkuta dada mkubwa barazani kwenye nyumba ya baba yake, ameinamia cherehani, anapinda sare ya shule.

"Shikamoo, dada."

Akamaliza mshono. Akakata uzi kwa meno. Akaanza mwingine. Nilisimama juani na shikamoo yangu.

"Marahaba," akasema hatimaye. "Nilikuwa natafakari kama unaistahili. Umenenepa, Mrangi."

"Njia ndefu inanenepesha."

"Umefuata nini? Kuna kitu kingine cha baba umekumbuka hujakivunja?"

Nikatoa simu. Nikamweleza, haraka, kama mtu anayesoma kwa kuogopa kunyang'anywa karatasi. Nikamwambia chuma cha nne kimo humu, na vingine vyote, kama baba alivyoviacha. Nikabonyeza. Chuma cha kwanza kikalia barazani. Cha pili. Mkono wake ulisimama juu ya gurudumu la cherehani. Cha tatu. Kilipolia cha nne alifumba macho, na mimi nikafikiri, Mungu wangu, nimerudisha.

Akafumbua. "Zima."

Akaingia ndani. Akarudi na kanga, akaifungua magotini. Nta mpya, ya njano, chini ya chuma cha nne. Utando mpya wa buibui. Akapiga kuanzia kushoto. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, vilikuwa vyenyewe. Akapiga cha nne.

Noti haikuwa yenyewe. Ilikuwa juu kidogo. Kidogo sana, upana wa ukucha. Asiyekaa pale Ipagala asingesikia.

"Nilikaa nayo mwaka mzima," akasema. "Asubuhi kabla ya kazi. Naguna, nagonga, naguna. Mpaka siku moja nikamsikia."

"Dada, hicho cha nne, ukilinganisha na hii—"

"Na hiyo nini?"

Nikairudisha simu mfukoni.

"Mara ya kwanza ulikuja kumfundisha baba yangu kwa simu," akasema, bila kupandisha sauti hata kidogo. "Leo umekuja na simu tena. Wewe Mrangi una nini na simu?"

"Mimi peke yangu sikutosha kuifanya ile kazi," nikasema. Ilinitoka tu. Miaka yote sikuwahi kumtaja mdogo wake.

"Najua. Mdogo wangu aliniambia mwezi uleule, analia hapohapo uliposimama. Nikamtukana, akakaa, tukala. Kila Jumapili anatoka kwake Ipagala anakuja, tunaimba." Akageuza sare upande wa pili. "Wewe ndiye uliyetoroka. Tulikuwa na besi, hatuna wa kuipiga."

Nilikasirika nusura niondoke. Nilikuwa nimembeba mdogo wake mgongoni kwa miji minne, nikijiona shujaa wa kukaa kimya, kumbe mwenyewe alishatua mzigo wake siku nyingi akala ugali. Hakuna aliyeniomba nibebe. Hata hasira yangu nzuri kuliko zote haikuwa na kazi.

"Iko ukutani," akasema. "Usinitazame, ichukue."

Besi yangu ilikuwa imetundikwa msumarini, imefungwa kitambaa cha sare. Nyuzi tatu zilikuwa na kutu. Nikakaa juu ya ngazi. Akaniletea ilimba karibu na sikio, hakunipa mkononi, akapiga cha nne. Nikaanza kuulegeza uzi wa pili, na vidole vyangu, hivyo vipumbavu vyenye kumbukumbu, vikaupeleka moja kwa moja pale pa zamani. Pale pa baba yao. Niliufikia, ukalia kama ulivyolia Ipagala, na mfukoni mwangu simu ilikuwa shahidi.

"Uko chini," akasema.

Nikamtazama. Akapiga chuma tena, anangoja. Uso wake ulikuwa uleule wa juu ya ndoo iliyopinduliwa, siku za pagale, wa mtu asiyehamisha meza kwa ajili ya mgeni.

"Kaza," akasema.

Nikakaza.